Ofisi ya DC wa Meru na mchele wetu wa pishori

Mpwani akitajiwa Mau Mau hujibu haraka: hayo ni mambo ya bara. Ningemwomba aingie Makumbusho ya Meru kwanza. Ndani ataona nyumba ya kienyeji, miti ya dawa na mila za Wameru. Kwangu mimi, kielelezo kikubwa zaidi ni jengo lenyewe. Hii ilikuwa ofisi ya DC, na hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ofisi kama hii ndiyo iliyokuwa serikali.

Amri zilipita kwa madisi hawa: watu wahamishwe kwenye vijiji vya kulindwa, wachimbe handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya ili wapiganaji wasipate chakula. Serikali haikutegemea wazungu peke yao. Iliwapa silaha homugadi, wenyeji wa vijiji hivyo hivyo, na ikawatumia wazee wa Njuri Ncheke kuwapinga waliokula kiapo. Kwa hivyo ndugu alimwinda ndugu. Tazama hesabu: raia wa kizungu waliouawa na Mau Mau walikuwa 32, na Waafrika wenzao takriban 1,800. Serikali nayo iliua zaidi ya 11,000 kwa hesabu yake yenyewe, na ikanyonga 1,090. Mimi naviita vita vya wenyewe kwa wenyewe, na serikali ilikuwa imesimama upande mmoja.

Hata uhuru haukumaliza ugomvi. Baimungi Marete, jemadari wa Meru, aliuawa na askari wa Kenya huru mwaka 1965. Marufuku ya Mau Mau iliondolewa 2003!

Sasa tushuke Mwea, ambayo enzi hizo ilikuwa wilaya ya Embu. Mashamba ya mpunga yalianzishwa kwa jasho la mahabusu. (Ndiyo, pishori ile ya biriani ya Idi.) Katika kambi za Mwea maofisa walibuni njia ya kuwavunja wakaidi: wagawanywe vikundi vidogo, walazimishwe kazi, anayekataa apigwe. Ilipoonekana inafaa, ikaletwa kwetu. Tarehe 3 Machi 1959, kule Hola, Tana River, mahabusu waliokataa kulima walipigwa marungu, wakafa 11. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai wamekufa kwa maji waliyokunywa. Uchunguzi ukaonyesha majeraha, na Bunge la Uingereza likawaka moto.

Ongeza Manyani kule Taita na kambi ya kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Watoto wetu hupelekwa Manda kuona magofu ya Takwa na huelezwa habari za Waswahili wa kale, jambo zuri. Mahabusu wa Kimeru na Kiembu hawatajwi. Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi 1984, nayo ni makumbusho leo, na chumba kimoja kingetosha kuwaeleza.