Mcheza kwao hutunzwa. Mbona mwana huyu hachezi?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Walipokata kauli hiyo hawakumbagua mtu. Hawakusema kwamba atunzwe mwenye miguu mizima pekee, wala mwenye macho, wala anayeisikia ngoma kwa masikio yake. Hata hivyo, kila shule zinapofungwa humu nchini, iwe ni Aprili, Agosti au ile likizo ndefu ya kufunga mwaka, wako watoto wengi wanaorejea kwao na wasicheze. Hukalishwa barazani au ndani ya nyumba, wakawasikiliza au kuwatazama wenzao wakikimbizana uwanjani, hadi siku ya kurudi shuleni iwadie. Hao ni watoto wenye ulemavu, nao ndio ninaoomba tuwatafakari leo.

Si watu wachache tunaowazungumzia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 900,000 wenye ulemavu miongoni mwa walio na umri wa miaka mitano na kuendelea. Wenye umri chini ya huo hawakuingizwa katika hesabu hiyo. Hapana shaka basi kwamba msomaji, popote ulipo, unamjua angalau mmoja katika mtaa au kijiji chako. Swali ni je, unamjua kwa jina, au unamjua tu kama “yule mtoto wa fulani”?

Yafaa kwanza tuelewe chanzo cha mambo. Kwa muda mrefu elimu ya watoto hawa ilijengwa juu ya msingi wa shule maalumu za bweni. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa mwaka 1946. Shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma zilifuata mapema katika miaka ya 1960, na mjini Thika pia ikazuka Joytown kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Shule hizi zimetenda mema makubwa. Zimewatoa mawakili, walimu na wanamuziki, na asiyezishukuru ni mtovu wa fadhila.

Lakini kila jambo lina gharama yake. Mtoto anayetolewa nyumbani akiwa na miaka sita au saba na kupelekwa mbali huyajenga maisha yake huko huko. Marafiki zake wako huko, michezo yake iko huko, na kama ni kiziwi, hata lugha yake iko huko. Arudipo nyumbani, huwa mgeni kwao. Mama anajua ishara ya chakula, ya kulala na ya kuja. Hajui ishara ya huzuni, ya ndoto wala ya utani. Hivyo mtoto aliyekuwa akibishana na kucheka na wenzake bwenini hupitisha majuma mazima bila mazungumzo ya maana na binadamu yeyote. Kwa mwenziwe likizo ni kufunguliwa. Kwake yeye ni kufungwa.

Kama kuna aliyedhani kwamba jambo hili ni dogo, mwaka 2020 ulipaswa kumwamsha. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya maradhi ya korona, na wanafunzi wa madarasa mengi hawakurudi hadi Januari 2021. Ilikuwa kana kwamba likizo moja imerefushwa ikawa miezi tisa. Watoto wengine walipata angalau wenzao wa kucheza nao. Mtoto kiziwi ambaye jamaa zake hawakuijua lugha ya ishara alipata ukuta.

Mintarafu ya sheria, nchi yetu haina udhuru. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitambua haki ya kila mtoto ya kucheza na kupumzika, nasi tuliuridhia mwaka 1990. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja waziwazi katika kifungu cha 30 kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na watoto wengine. Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma. Imefanya hata Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Ni ajabu ilioje kwamba lugha iliyoingia Bungeni bado haijaingia uani kwa jirani.

Ila sheria haiwezi kurusha mpira. Wanaoweza ni watu, tena wasio na fedha nyingi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba kumchangamsha mtoto mwenye ulemavu kunahitaji safari ya gharama, vifaa kutoka ng'ambo au mfadhili mwenye kamera. Kinachohitajika ni kuubadilisha mchezo kidogo ili umfae mtoto, badala ya kumtaka mtoto abadilike ili aufae mchezo.

Chukua mathalan kati, mchezo unaojulikana katika kila uwanja wa shule. Watupaji wawili husimama pembeni na mmoja huukwepa mpira katikati. Nani alisema mtupaji lazima asimame? Mtoto aliye katika kiti cha magurudumu anaweza kutupa mpira, na huenda mikono yake ikawa na nguvu kuwashinda wote. Kwa mtoto asiyeona, ule mpira wa vitambaa ambao watoto wetu husokota wenyewe unaweza kutiwa vizibo vya soda vilivyofungwa kwenye kopo dogo, upate sauti. Wanaoona nao wafungwe leso machoni, kisha tuone nani bingwa. Mchezo wa goalball, ambao leo huchezwa katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, ulibuniwa mwaka 1946 kwa wazo hilo hilo la mpira wenye kengele, ili kuwasaidia askari waliopofuka vitani. Bao letu la pwani nalo halidai macho, kwa kuwa kete huhesabiwa kwa vidole.

Kwa mtoto kiziwi, refa aweke kando filimbi na kupunga kitambaa. Tena mtoto huyo afanywe mwalimu. Kila jioni awafundishe watoto wa mtaa ishara kumi. Katika siku 20 za likizo watakuwa na ishara 200, nao yeye atakuwa na watu wa kuzungumza nao arudipo tena. Mtoto mwenye usonji, ambaye kelele na mambo ya ghafla humtaabisha, aanze na mwenza mmoja au wawili badala ya ishirini, aelezwe asubuhi yatakayojiri, na aruhusiwe kuondoka na kurejea apendavyo. Aliye na ulemavu wa ngozi achezee kivulini, kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, akiwa na kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Na tusisahau kwamba kupukuchua mahindi, kusukuma chapati na kufuatana na nyanya sokoni ni mambo ambayo mtoto huyachukua kuwa ushahidi kwamba yeye ni mtu wa nyumba hii.

Watu wengine watauliza kama michezo ya uani ina faida yoyote ya kudumu. Tumtazame Henry Wanyoike wa Kikuyu, aliyepoteza uwezo wa kuona ghafla mwaka 1995 akiwa kijana. Kule Sydney mwaka 2000 alishinda mbio za mita 5,000, tena akimkokota kiongozi wake aliyekuwa mgonjwa hadi kwenye utepe. Mjini Athens mwaka 2004 aliongeza dhahabu mbili, za mita 5,000 na 10,000, akiongozwa na Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utotoni. Dhahabu hizo zilipatikana kwa sababu kulikuwa na jirani aliyekubali kushika ncha ya pili ya kamba. Huko Marekani, mwaka 1962, Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake alikuwa na ulemavu wa akili, aliwaalika watoto wenye hali kama hiyo waje kucheza nyumbani kwake Maryland wakati wa likizo ya kiangazi, pamoja na vijana wa kujitolea. Kutokana na kambi hiyo ya uani ilizuka Special Olympics, ambayo michezo yake ya kwanza ilifanyika Chicago mwaka 1968.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mzazi atasema anachelea mwanawe atachekwa. Kweli, huenda akachekwa siku ya kwanza. Lakini watoto huwacheka wasiowazoea, na dawa ya hilo si kumficha bali kumzoesha. Mwingine atasema mtoto ataumia. Ni mtoto gani aliyewahi kucheza asichubuke goti? Ulinzi unaomnyima mtoto hata mchubuko unamnyima pia utoto.

Yuko pia mtu mwingine ambaye likizo humwonea bila yeye kulalamika, naye ni dada mkubwa. Aghalabu msichana huyo hukabidhiwa ndugu yake tangu asubuhi hadi jioni, akawa yaya pasipo mshahara, na likizo ikaisha hajacheza hata yeye. Mama naye hana pumziko. Mkono mmoja haulei mwana. Nyumba tatu za jirani zikikubaliana kupokezana watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao, siku moja huku na siku moja kule, mama atapata nafasi ya kwenda shambani au kupumua tu. Makanisa na misikiti, ambayo huwakusanya watoto siku za likizo, ianze kwa kuwaalika hawa kwa majina yao, badala ya kungoja waletwe.

Serikali za kaunti nazo zisijifiche. Jedwali la Nne la Katiba linazikabidhi kaunti michezo, bustani, fuo na viwanja vya burudani. Njia ya mteremko badala ya ngazi, choo chenye mlango mpana, bembea yenye egemeo la mgongo, na mbao zilizotandikwa mchangani ili kiti cha magurudumu kifike karibu na maji ni kazi ya saruji, fundi na nia njema. Na magari ya abiria yanayompita mama kwa sababu ya kiti cha mwanawe yasiendelee kufumbiwa macho.

Kila tarehe 3 Desemba, katikati ya likizo, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Mahema husimamishwa, hotuba husomwa, fulana hugawiwa. Inasikitisha kwamba tarehe 4 mtoto hurudi pale pale barazani. Siku moja ya sherehe haiwezi kulipia siku nyingine zote za likizo alizoachwa peke yake.

Hujafa hujaumbika, na hakuna ajuaye nyumba yake itahitaji nini kesho. Shule zitakapofungwa tena, msomaji, usingoje hema wala hotuba. Bisha hodi kwa jirani, umwombe mzazi ruhusa, na umuulize mtoto mwenyewe anapenda mchezo gani. Huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.