Mpangaji Tumempa Jembe, Tumemnyima Kauli

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, na kila mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu bila kusita kwamba mgeni asikae bure, bali ashike kazi kama wenyeji wake. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba aliyekwisha kupewa jembe si mgeni tena. Akilima shamba pamoja nasi, ana haki ya kuuliza shamba hilo litapandwa nini. Nusu hiyo sikuipata kitabuni. Niliipata uzeeni, katika mkutano wa mwaka wa mtaa wetu.

Mtaa wenyewe uko Eastlands, jijini Nairobi, si mbali na barabara ya Jogoo. Jina lake naliweka kibindoni, kwa kuwa nikilitaja majirani zangu watadhani nimekuja gazetini kuwashtaki, ilhali mshtakiwa wa kwanza ni mimi. Nilifundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, nikanunua nyumba kwa mkopo niliolipa hadi nywele zikageuka rangi, kisha nikajenga vyumba viwili nyuma ya nyumba hiyo ili nivipangishe. Nilipostaafu, majirani walinichagua kuwa katibu wa chama cha mtaa. Walisema mwalimu wa lugha ndiye anayejua kuandika kumbukumbu.

Kwa msomaji asiyeishi katika mitaa yetu, yafaa nieleze kazi ya chama cha namna hii. Kila mwezi kila nyumba hutoa mchango. Fedha hizo huwalipa walinzi wa langoni na vijana wanaozoa taka, hununua balbu za taa za nje, na hutumika mitaro inapoziba. Anayekusanya mchango hupiga hodi kila mlango, wa mwenye nyumba na wa mpangaji, wala hajapata kumuuliza mtu hatimiliki kabla ya kupokea fedha zake. Hatimiliki huulizwa mara moja tu kwa mwaka: siku ya mkutano mkuu, wakati wa kupiga kura. Hapo ndipo katiba ya chama chetu husema kuwa wenye kauli ni wenye nyumba.

Mkutano wa mwaka jana tuliufanyia katika chumba cha shule ya chekechea, watu wazima tumekunja magoti kwenye viti vya watoto. Mweka hazina alisoma hesabu, na ilikuwa wazi kwamba akiba yetu ingetosha jambo moja kati ya mawili. La kwanza lilikuwa kuinua ukuta na kuweka lango jipya la chuma. La pili lilikuwa kuchimbua na kubadilisha bomba la majitaka linalopita nyuma ya shule hiyo hiyo, ambalo kila mvua kubwa iliponyesha lilikuwa likifurika.

Mama mmoja alisimama. Ni muuguzi, na wakati huo alikuwa amekaa mtaani petu miaka tisa. Ni mpangaji, tena ni mpangaji wangu. Alisema kwa adabu, "Bwana Mwenyekiti, mwizi akija tutapiga mayowe. Lakini bomba hili likipasuka, watoto wetu wataugua kimyakimya. Naomba tuanze na bomba."

Alijibiwa kwa adabu vilevile: "Mama, tunakushukuru kwa maoni yako, ila kwa mujibu wa katiba yetu jambo hili ni la wenye nyumba."

Mama yule hakubishana. Alinigeukia mimi, nami nikainamia kitabu changu kama mtu aliyezidiwa na kazi. Ningeweza kusimama na kusema kuwa huyu ni jirani, kwamba analipa kuliko baadhi yetu, na kwamba ni yeye aliye na ujuzi wa maradhi kutuzidi sote. Sikusema. Kura ikapigwa. Zikasomwa na barua za wenye nyumba wasioishi mtaani, wengine wakiwa mbali na Nairobi, nao wote walitaka lango. Wenye pua za kunusa bomba walikuwa wamekaa kimya ukutani, na wenye kura walikuwa hawalinusi.

Lango likawekwa, tena ni zuri. Masika yakaja, bomba likapasuka. Maji machafu yaliingia katika uwanja wa chekechea, shule ikafungwa kwa siku kadhaa, kisha yakafika kwenye vyumba vyangu vya nyuma. Jioni hiyo mama yule alinigongea mlango kunionyesha yaliyompata. Tulipokwisha kuzungumzia vyombo vilivyoharibika, aliniuliza swali moja: "Mwalimu, siku ile ya mkutano uliandika nini kitabuni?"

Nilikifungua kitabu mbele yake. Chini ya kichwa cha "Waliohudhuria" palikuwa na majina ya wenye nyumba. Jina lake lilikuwa chini kabisa, chini ya kichwa cha "Waalikwa". Kuhusu bomba nilikuwa nimeandika hivi: "Swali moja liliulizwa." Basi. Mama alisoma, akanirudishia kitabu. "Mimi si mwalikwa, Mwalimu," akasema. "Miaka tisa nalipa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari jinsi tulivyofika hapa, maana Eastlands si mahali pa kumdharau mpangaji. Ukiondoa Pumwani, ambako baadhi ya watu waliruhusiwa kujijengea nyumba, sehemu kubwa ya mitaa ya kale ya upande huu ilijengwa na wakuu wa mji na waajiri ili Mwafrika apange, asimiliki. Kaloleni, iliyojengwa na Baraza la Manispaa katika miaka ya 1940, ni mfano mzuri. Aliyekaa humo alikuwa mpangaji wa Baraza. Kwa fikra za watawala wa siku hizo, Mwafrika mjini alikuwa mpita njia: afanye kazi, alipe kodi, akichoka arudi kwao.

Hata hivyo, ni katika ukumbi wa mtaa huo wa wapangaji ambapo, tarehe 23 Aprili 1950, vyama vya KAU na East African Indian National Congress vilifanya mkutano wa pamoja, na Makhan Singh akatoa hoja ya kutaka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji tarehe 30 Machi mwaka huo huo, kwa sherehe ambazo vyama vya wafanyakazi vilizisusia. Tarehe 15 Mei Singh na Fred Kubai walikamatwa, na kesho yake mgomo mkubwa ukaanza jijini. Singh hakuachiliwa hadi 1961. Ukitafuta hatimiliki za waliojaa ukumbini siku ile ya Aprili utatafuta sana. Lau tungewaandika kwa mtindo wa kitabu changu, wengi wao wangekuwa waalikwa.

Kuna funzo la pili katika historia yetu, na walimu wa somo hilo wanalijua vizuri. Waafrika wa Kenya walipowachagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, haki ya kura ilipimwa kwa sifa kama vile elimu, mapato na mali, na mtu mwenye sifa nyingi aliweza kupiga hadi kura tatu. Tom Mboya, aliyekishinda kiti cha Nairobi katika uchaguzi huo, na wenzake waliupinga utaratibu huo wakitaka kila mtu awe na kura moja. Leo mwanafunzi akisoma habari hizo hucheka, akashangaa jinsi utu ulivyopimwa kwa mali. Asicheke sana. Na ahudhurie mkutano wa mwaka wa mtaa wao, aone kama kipimo hicho kimekwisha.

Siwadharau wanaotofautiana nami, kwa kuwa hoja zao nilizitumia mwenyewe. Husema kwanza kwamba mpangaji ni ndege wa kupita, leo yuko hapa, kesho kahama. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kuwa takriban kaya tisa katika kila kumi za Nairobi huishi katika nyumba za kupanga. Ikiwa hao wote ni ndege wa kupita, basi jiji ni la nani? Isitoshe, wapo wapangaji waliokaa mtaani petu kuliko baadhi ya wenye nyumba, ambao walinunua, wakapangisha, na hawajalala humo hata usiku mmoja.

Husema pili kwamba mwenye nyumba ndiye anayelipa kodi ya ardhi kwa kaunti. Ni kweli, risiti huandikwa jina langu. Lakini fedha zenyewe hutoka wapi? Sehemu yake hutoka katika kodi anayonilipa mama yule kila mwezi. Mimi ni mfereji tu ambamo fedha zake hupita.

Husema tatu kwamba mpangaji akipewa kura ataamua juu ya mali isiyo yake. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Kuuza kiwanja cha pamoja, au kubadili ramani ya majengo, ni mambo ya wenye mali. Lakini ulinzi, taka, maji, taa na majitaka si mali ya mtu. Hizo ni huduma za maisha ya kila siku, na anayezijua hali zake ni anayeishi nazo. Kuyachanganya mambo haya mawili ndiko kulikotufikisha kwenye lango zuri na chekechea iliyofungwa.

Katiba ya 2010 inaorodhesha ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira. Kifungu cha 174 kinaeleza kuwa ugatuzi unakusudia kuwapa watu nafasi katika maamuzi yanayowahusu, na kutambua haki ya jamii kuendesha mambo yake. Tangu 2013, Serikali ya Kaunti ilipochukua nafasi ya Baraza la Jiji, tumekuwa tukiilaumu kaunti kila mara inapopitisha jambo bila kutusikiliza. Naam, chama cha mtaa si serikali, na huenda wakili akaniambia vifungu hivyo havikifungi chama chetu. Sibishani na wakili. Nauliza tu kama tunaweza kudai kwa kaunti kile tunachokinyima chumba cha nyuma ya nyumba zetu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa vyama vya mitaa ya Eastlands na kwingineko. Mosi, katika huduma za kila siku, kaya moja iwe na kura moja, ya mwenye nyumba au ya mpangaji, na anayepiga kura awe ni anayeishi humo. Mwenye nyumba aliye mbali aandike barua, isomwe na kusikilizwa, lakini isihesabiwe kama mkono. Pili, hesabu za mwaka zibandikwe langoni wiki moja kabla ya mkutano, ili kila aliyechangia azisome. Tatu, kumbukumbu za mkutano uliopita zisomwe zote kwa sauti, na kila swali liandikwe jinsi lilivyoulizwa pamoja na jibu lililotolewa.

Hili la tatu nawaachia walimu wenzangu. Uandishi wa kumbukumbu tumeufundisha sana kwa ajili ya mtihani: kichwa, waliohudhuria, waliotuma udhuru, waalikwa, ajenda, yatokanayo, kufunga mkutano. Mwanafunzi hubuni mkutano wa chama cha Kiswahili, hutia sahihi mbili, hupata alama zake. Mimi mwenyewe nilisahihisha maelfu ya insha za aina hiyo, wala sikumwambia mwanafunzi hata mmoja kwamba kalamu ya katibu ina uwezo wa kumfanya jirani awe mgeni. Wapelekeni wanafunzi katika mikutano halisi ya mitaa yao. Waandike walichosikia, kisha mwulizeni kila mmoja: nani alisema, nani alinyamazishwa, na je, kitabu kinaonyesha hivyo?

Mkutano wetu wa mwaka huu umekaribia. Ajenda ya kwanza itakuwa, kama desturi, kuthibitisha kumbukumbu. Hapo nitaomba masahihisho mawili. Jina la mama yule litolewe chini ya waalikwa na kuandikwa chini ya waliohudhuria, na yale maneno yangu mafupi yafutwe, badala yake yaandikwe maneno yake yote kuhusu bomba. Kisha nitatoa hoja ya kubadili katiba ya chama. Barua za walio mbali zingalipo, na huenda nikashindwa. Lakini safari hii nikishindwa, kushindwa kwangu kutaandikwa kwa ukamilifu, na mwandishi atakuwa mimi.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapoulizwa maana ya methali niliyoanza nayo, msiishie kwenye jembe.