Sukari Inayonata Kwenye Protini

Wahudumu wa kliniki za kisukari wanamfahamu vyema mgonjwa anayejinyima chai ya sukari na maandazi siku tatu kabla ya miadi. Akichomwa kidole, kipimo hutoka kizuri na kila mtu hufurahi. Kisha hufika majibu ya HbA1c: asilimia 10.

Chanzo kimo ndani ya chembe nyekundu za damu. Glukosi huingia humo kwa urahisi na kunata kwenye himoglobini, hasa kwenye valini, asidi amino iliyo mwanzoni mwa mnyororo wa beta. Hakuna kimeng'enya kinachoamuru muungano huo. Ni kemia tupu, na kadiri sukari inavyozidi ndivyo inavyonata zaidi. Mwanzoni kifungo ni legevu na chaweza kufunguka. Baadaye molekuli hujipanga upya, nacho hudumu hadi chembe ife, baada ya siku 120 hivi. Siku tatu za kujinyima haziwezi kufuta kumbukumbu ya miezi miwili au mitatu. Himoglobini hiyo iliripotiwa kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1968 na Samuel Rahbar, mtafiti wa Tehran.

Si kila sukari iliyoshikamana na protini ni adui. Mwili wenyewe hupachika sukari nyingi kwa vimeng'enya, mahali maalumu na kwa kazi maalumu. Kundi la damu A hutofautiana na B kwa sukari moja tu ya mwishoni. Madhara hutokana na ile inayonata ovyo, hasa kwenye protini zinazoishi muda mrefu. Nyuzi za kolajeni hufungwa pamoja na madaraja ya sukari, zikapoteza unyumbufu. Mishipa ya damu hukakamaa, na baadhi ya wagonjwa wa miaka mingi hushindwa kukutanisha viganja vikalala bapa. Protini za lenzi ya jicho, ambazo hazibadilishwi maisha yote, hugandamana na kuzuia mwanga.

Hata hivyo, HbA1c ni shahidi anayeweza kupotosha, na katika mazingira yetu jambo hili halisemwi vya kutosha. Mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi waiitavyo, ana chembe zinazokufa mapema mno, nyingi ndani ya wiki mbili au tatu. Sukari haipati muda wa kunata, na majibu huonekana mazuri ilhali mgonjwa anaumia. Malaria inayovunja chembe za damu huweza kuyashusha vivyo hivyo. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, huweza kuyapandisha.

Kwa wagonjwa hao, vipimo vya kidole vya asubuhi na vya saa mbili baada ya mlo, vikiandikwa daftarini, huaminika zaidi. Penye maabara yenye uwezo, kipo kipimo cha fruktosamini, kinachosoma sukari iliyonata kwenye protini za majimaji ya damu kwa wiki mbili au tatu zilizopita. Nawe mgonjwa, kama una selimundu au uliongezewa damu hivi karibuni, litaje hilo kabla sampuli haijachukuliwa.