Nani Mkali, Vader au Obi-Wan?

Ubishi wa vibanda vya video hapa Kiloleli, mkoani Simiyu, ni uleule tangu enzi za Rambo na Komando: steringi gani mkali? Siku hizi umehamia angani, kwenye Star Wars, filamu za George Lucas zilizoanza mwaka 1977. Msimamo wangu haujabadilika. Mkali ni Obi-Wan Kenobi.

Kwa asiyezijua, Majedi ni walinzi wa amani. Silaha yao ni upanga wa mwanga unaokata hata chuma, na huongozwa na Nguvu inayoviunganisha viumbe vyote. Maadui wao, Wasithi, huichota Nguvu hiyohiyo kwa hasira na chuki.

Vijana wengi humtaja Darth Vader, na sababu wanazo. Sauti ile nzito ya James Earl Jones inatisha. Tena katika mapigano ya panga ya filamu za 1980 na 1983, ndani ya vazi lile jeusi mara nyingi alikuwa Bob Anderson, Mwingereza aliyeshiriki mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya 1952. Pigo lake ni la fundi.

Lakini Vader ni yuleyule Anakin Skywalker, mwanafunzi wa Obi-Wan. Tazama pambano lao la Mustafar, katika filamu ya 2005. Anakin ana kasi na nguvu za ujana. Mwalimu wake anarudi nyuma, anakinga, anarudi tena, huku mto wa moto ukichemka chini yao. Kisha Obi-Wan anaruka ukingoni, anasimama juu ya mteremko na kumwonya mwenzake asithubutu kumfuata. Kijana anaruka. Pigo moja linaondoka na miguu yote miwili na mkono wa kushoto.

Wala hakubahatisha. Katika filamu ya 1999 alimkata Darth Maul vipande viwili, akitumia upanga wa mwalimu wake aliyekuwa amejeruhiwa vibaya, baada ya kuning'inia shimoni bila silaha. Hata Yoda, gwiji wao, alishindwa kummaliza Mfalme wa Wasithi, akakimbia.

Ila kuna jambo linaniuma. Obi-Wan alimwacha Anakin anaungua, akaenda zake. Sisi Wasukuma tunaye Masala Kulangwa, aliyeliua Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote akasalia mama yake, mjamzito. Alipolipasua tumbo ili watu watoke, kisu kikamkata bibi mmoja sikio. Bibi akaja juu, akitaka kulipiza. Masala hakumjibu kwa kisu. Alimtafutia dawa, akamponya.

Kwa hiyo angani nampa Obi-Wan. Wakiwekwa wote pamoja, nampa Masala Kulangwa, kwa sababu alijua kuua na kuponya. Vijana, kabla ya ubishi wa kesho, kaeni na bibi zenu wawasimulie habari zake mpaka mwisho.