Kwa Nini Breki Hulia

Breki za diski husimamisha gari kwa pedi mbili zinazobana sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano ukizitetemesha maelfu ya mara kwa sekunde, mlio mkali husikika. Asubuhi baada ya mvua, kutu nyembamba kwenye diski hukwaruza, kisha hufutika breki zikikanyagwa mara chache, na haina madhara. Mlio usiokoma ni jambo zito. Pedi nyingi zina kibati kilichowekwa makusudi kiguse diski na kupiga kelele unene wa pedi unapobaki takribani milimita 2 au 3. Kelele hiyo ikipuuzwa, chuma husaga chuma, diski huchimbika mifereji na gari huchelewa kusimama. Hapo pedi mpya pekee hazitoshi. Diski nayo huchongwa au hubadilishwa.