Saratani ya ovari: Damu inavyotoboa siri (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini saratani ya ovari huchelewa kugunduliwa. Tumbo hujaa, mama hushiba kwa matonge mawili, haja ndogo humwita kila saa, na nyumbani wote husema ni vidonda vya tumbo. Leo tuitazame damu yake.

Ukijikata kidole kwa kisu, jeraha huvimba, huwa jekundu na la moto. Hiyo ndiyo inflamesheni: chembe nyeupe zimekimbilia vijidudu, chembe sahani zinaziba tundu. Kidonda kikipona, chembe hizo hutawanyika. Kwenye saratani hazitawanyiki. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliziona chembe nyeupe ndani ya uvimbe mwaka 1863. Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Marekani akaiita saratani jeraha lisilopona.

Sasa shika karatasi ya kipimo cha picha kamili ya damu, kipimo cha kawaida kabisa. Tafuta mistari miwili ya aina za chembe nyeupe: neutrofili na limfosaiti. Mama mwenye neutrofili 6,000 na limfosaiti 1,500 katika mikrolita moja ana uwiano wa 4. Neutrofili zikiwa 3,000, uwiano ni 2. Limfosaiti ni miongoni mwa chembe zinazoiwinda saratani. Zikipungua huku neutrofili zikifurika, ulinzi umelegea. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wenye uwiano mkubwa kabla ya matibabu, kwa wastani, huishi muda mfupi zaidi.

Chembe sahani nazo zina kisa chao. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na kundi la Houston walitangaza matokeo ya wanawake 619 wenye saratani ya ovari: karibu theluthi moja walikuwa na chembe sahani zaidi ya 450,000, na hao waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Uvimbe hutoa interlukini-6, ini likaitika kwa kutengeneza thrombopoietini, na uboho ukazidisha chembe sahani.

Lakini namba hizi hazitambui saratani. Nimonia, jipu, hata dawa za steroidi hupandisha uwiano uleule. Wala wastani wa mamia si hukumu ya mama mmoja. Hatua ya ugonjwa na kiasi cha uvimbe kinachobaki baada ya upasuaji bado vina uzito mkubwa zaidi.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usitupe majibu ya damu ya mgonjwa wako. Yaweke yote kwenye bahasha moja, kwa tarehe, uende nayo kila siku ya kliniki.