Kumaliza uzamivu: Saa zinazopotea jikoni na namna ya kuziokoa

MIEZI ya mwisho ya kuandika tasnifu ya shahada ya uzamivu hudhaniwa na wengi kuwa ni kipindi cha vitabu, kompyuta na kukesha. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Ni kipindi pia cha maharage yasiyotaka kuiva, cha mtoto anayesubiri uji kabla ya kwenda shule, na cha mkaa ulioloa kwa mvua za masika.

Mtu aliyefikia hatua hiyo amekwisha kukusanya data, amezichambua na anajua anachotaka kusema. Anachohitaji sasa ni saa za utulivu zinazofuatana, kwani sura ya tasnifu haiandikwi kwa vipande vya dakika kumi kumi. Saa hizo ndizo ambazo shughuli za nyumbani, hasa mapishi, huzichukua kwanza.

Nchini Tanzania, sehemu kubwa ya wanaosomea shahada hii ni watu wazima wenye kazi na familia. Wamo wahadhiri wasaidizi, walimu na watumishi wa serikali. Kwa mwanataaluma wa chuo kikuu, suala hili linagusa riziki moja kwa moja: Mhadhiri Msaidizi mwenye shahada ya uzamili hapandi kuwa Mhadhiri bila kupata uzamivu. Kuchelewa kumaliza ni kuchelewa kupanda cheo na mshahara, na mara nyingi ni kulipa ada ya muda wa ziada.

Safari yenyewe haiishi siku rasimu inapokamilika. Msimamizi huisoma na kuirudisha na maelekezo. Ikikubaliwa, hupelekwa kwa watahini wa ndani na wa nje. Kisha mtahiniwa huitwa kuitetea mbele ya jopo, na baada ya hapo hupewa marekebisho ya kufanya kabla ya kuwasilisha nakala ya mwisho. Katika muda wote huo, watu wa nyumbani hula kila siku.

Vyuo vimejitahidi kuwapa wasomi mahali pa kusomea. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018 katika kampasi ya Mlimani, ilijengwa kwa uwezo wa kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kiti cha maktaba hakimfai sana mtu ambaye saa 9 alasiri hana budi kuondoka apitie sokoni Mwenge au Mabibo, apambane na foleni, kisha aanze kuwasha jiko.

Hesabu ya saa

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Mchukulie mtahiniwa anayetumia saa 3 kwa siku kununua, kuandaa, kupika na kuosha vyombo. Kwa wiki ni saa 21. Akijipanga na kupunguza kazi hiyo ikabaki saa 11 kwa wiki, atakuwa ameokoa saa 10. Katika miezi sita, yaani wiki 26, hizo ni saa 260, sawa na siku 32 na nusu za kazi zenye saa nane kila moja. Huo ni zaidi ya mwezi mzima wa kuandika, na umepatikana bila kukesha hata usiku mmoja.

Njia ya kuziokoa saa hizo haihitaji utajiri. Msingi wake ni kutenganisha vyakula vinavyotaka muda mrefu motoni na vile vinavyoiva upesi. Vya kwanza hupikwa mara moja au mbili kwa wiki. Vya pili hupikwa siku ya kuliwa.

Maharage ni mfano mzuri. Yakipikwa makavu juu ya jiko la mkaa huweza kuchukua saa mbili, tatu au zaidi. Yakilowekwa usiku kucha, muda huo hupungua sana. Sufuria ya presha huupunguza zaidi, kwa kuwa mvuke uliobanwa hupandisha joto la maji kutoka nyuzi 100 hadi karibu 120. Aliye na friji anaweza kuchemsha maharage Jumamosi, akayagawa katika vyombo vidogo, na kuyaunga kidogo kidogo katikati ya wiki.

Hapa wapishi wa pwani wana jambo la kukumbuka: tui la nazi huchacha haraka. Maharage ya kuweka akiba yachemshwe matupu, na nazi itiwe siku ya kula tu. Vivyo hivyo, rosti ya vitunguu na nyanya inaweza kukaangwa nyingi kwa mara moja na kuhifadhiwa. Siku ya kazi hutolewa kiasi, yakatiwa mayai, dagaa au maharage, na mboga ikawa tayari katika dakika chache.

Makande nayo yana nafasi ya pekee katika kipindi hiki. Mahindi na maharage huiva katika chungu kimoja, hushibisha kwa muda mrefu, wala hayadai mboga ya pembeni. Ugali, kwa upande wake, hauna haja ya kuwekewa akiba, kwani husongwa kwa muda mfupi. Mchicha na matembele huiva upesi pia, ilimradi yawe yamechambuliwa mapema.

Asiye na friji hapaswi kuiga utaratibu huu wote. Kwake yeye akiba ni ya vitu vikavu: dagaa waliochambuliwa, karanga zilizosagwa, unga, na maharage yaliyokwisha kupembuliwa. Maharage huyaloweka usiku, akayapika kwa mlo wa siku hiyo pekee.

Usalama wa chakula cha akiba

Kupika kingi kuna hatari zake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kuwa chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, kihifadhiwe chini ya nyuzi joto 5, na kinapopashwa kifikie angalau nyuzi 70 hadi ndani kabisa. Kwa jiji lenye joto kama Dar es Salaam, sufuria iliyoachwa mezani tangu mchana hadi usiku si akiba tena. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, ni salama zaidi kukitupa chakula kuliko kukijaribu.

Wali unahitaji uangalifu zaidi. Mchele huweza kuwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, kisha huzaana wali unapokaa katika uvuguvugu. Sumu vinayotoa haiondoki kwa kupasha moto. Maharage mekundu nayo yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali. Yalowekwe kwa saa 5 au zaidi, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu kabla ya kupunguziwa moto. Moto hafifu peke yake hautoshi.

Chakula cha mwenye kufikiri

Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili unapopumzika. Mwandishi anayeruka kifungua kinywa na kungoja chipsi za jioni huandika mchana kutwa akiwa na njaa. Uji wa ulezi, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai au kiporo cha maharage humpa chakula kinachokaa tumboni kuliko chai na maandazi matupu.

Chai na kahawa, ambazo ni marafiki wakubwa wa wasomi, zina kanuni zake. Kwa watu wengi, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Anayekunywa kahawa saa 10 jioni hulala saa 3 usiku akiwa bado na nusu yake. Chai ikinywewa pamoja na mlo hupunguza pia uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, ilhali chungwa au limau huuongeza. Kwa wanawake, ambao upungufu wa damu huwasumbua zaidi, ni afadhali chai isubiri saa moja baada ya kula.

Nani ashike mwiko?

Mipango yote hiyo inaweza kuficha swali kubwa zaidi. Katika nyumba nyingi mwanamume anayeandika tasnifu huletewa chakula mezani, ilhali mwanamke anayeandika tasnifu ndiye anayekipika, kisha hurudi kwenye sura yake wengine wakiwa wamelala. Mwanamke akijipanga vizuri hupunguza mzigo, lakini mzigo unabaki kuwa wake peke yake.

Kuajiri msaidizi wa kazi za ndani ni suluhisho kwa wenye uwezo, ingawa naye anastahili ujira wa haki na saa za kupumzika. Kwa wengine, suluhisho ni makubaliano ya wazi ndani ya familia kwa muda unaojulikana. Mume anaweza kuchukua soko na mapishi ya Jumamosi. Watoto wakubwa wanaweza kuchambua mchicha, kupembua mchele na kuosha vyombo. Siku mbili za wiki zinaweza kuachwa kwa mama lishe wa mtaani anayeaminika kwa usafi.

Mwezi wa Ramadhani unaonyesha kuwa jambo hili linawezekana. Familia nzima hubadili saa za kulala, kula na kufanya kazi kwa siku 29 au 30, na kila mmoja hujua zamu yake katika maandalizi ya futari na daku. Nyumba iliyoweza kujipanga hivyo kwa ibada haishindwi kujipanga kwa miezi michache ili mmoja wao amalize masomo.

Jambo la msingi ni kuyafanya makubaliano hayo mapema, kabla ya tarehe ya kuwasilisha kukaribia na hasira kupanda. Ratiba ya sura za kuandika ibandikwe ukutani pamoja na ratiba ya mapishi, ili kila mtu aone nani anapika lini na nani haitwi kwa saa zipi.

Karibu kila tasnifu hufunguliwa kwa ukurasa wa shukrani, ambamo mke, mume na watoto hutajwa kwa uvumilivu wao. Ni desturi njema. Lakini kwa anayehangaika leo na sura ya mwisho, msaada wenye thamani zaidi ni ule unaomfikia kabla ukurasa huo haujaandikwa: mtu wa nyumbani kuinuka, kuchukua mwiko na kumwachia saa mbili za kimya.